Vitu vya Askari Vilivyoandikwa Jina: Vinaiambia Nini Familia Inayongojea?



Katika mikutano yetu na familia zilizohama makwao, kuna swali ambalo haliachi kurudi. Mama anasimama na kuuliza habari za kijana wake aliyechukuliwa na wapiganaji, au aliyeondoka mwenyewe na bunduki, au aliyekuwa askari wa serikali, na tangu siku ile hakuna neno. Hajui kama yu hai. Kifo kinaumiza, lakini kutojua kuna maumivu yake ya pekee: hakuna kilio kinachoanza wala matanga yanayoisha, mke hajui kama ni mjane, shamba haligawanywi, na watoto wanaambiwa kila mwaka kwamba baba atarudi.

Katika toleo hili tunataka kueleza jambo linaloonekana dogo, lakini linagusa swali hilo: vitu ambavyo askari hubeba vitani na alama anazotia juu yake. Tutatumia mfano wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865. Tumechagua mfano wa mbali makusudi. Tukianza na vita vyetu, kabla ya mstari wa tatu mtu atauliza tunaandika kwa upande gani.

Jeshi lisilokuwa na kazi ya kuarifu familia

Vita ile ilikuwa kati ya majimbo ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyotaka kujitenga ili kulinda utumwa. Hesabu ya zamani inasema waliokufa ni kama 620,000. Wataalamu waliopitia upya hesabu za sensa wanaona walikuwa wengi zaidi, 700,000 hivi au hata kupita. Wengi wao waliuawa na kuhara, homa na magonjwa ya kambini kuliko risasi. Ninyi mliokaa kambini hamtashangaa.

Jambo la kushangaza ni hili: katika majeshi yote mawili hakukuwa na ofisi yenye kazi ya kuiambia familia kwamba mtu wao amekufa. Askari hakupewa bamba la utambulisho. Aliyekufa alizikwa na wenzake haraka, mara nyingi katika shimo la pamoja, na kama kulikuwa na nafasi waliweka ubao wenye jina lililoandikwa kwa penseli. Mvua mbili tatu zikinyesha, jina limefutika. Habari ilifika nyumbani kwa barua ya rafiki, ya muuguzi au ya mchungaji wa jeshi, au kwa orodha katika gazeti, yenye majina yaliyokosewa. Wengine hawakupata hata hiyo.

Mnamo Mei 1862 mtu mmoja wa New York, John Kennedy, aliliandikia jeshi la Kaskazini akapendekeza kila askari apewe bamba dogo lenye jina. Pendekezo lake halikukubaliwa. Basi askari wakajitafutia njia wenyewe.

Walibeba nini, na waliandikaje?

Mzigo wa askari wa kawaida ulikuwa mdogo. Alikuwa na mfuko wa begani wa chakula, chupa ya bati ya maji, kikombe, blanketi, kisu, na kifuko cha sindano, uzi na vifungo, ambacho mara nyingi kilishonwa na mama au mke kabla ya safari. Wengi walibeba Agano Jipya dogo la kuingia mfukoni, barua kutoka nyumbani, kiko cha tumbaku, karata, kitabu cha kuandikia habari za siku, na picha ya watu wao iliyopigwa juu ya kioo au bati.

Vitu hivi vilifanana. Chupa ya maji ya mmoja ilikuwa sawa na ya elfu wengine, na katika kambi ya watu wengi kitu kisicho na alama kinapotea siku ileile. Kwa hiyo alama ya kwanza ilikuwa ya kuzuia wizi na kuchanganya. Walichonga herufi za majina yao kwa kisu juu ya mti wa bunduki, wakakwaruza kikombe kwa msumari, wakapaka jina juu ya mfuko. Wachuuzi waliofuata majeshi waliuza vibati vyenye herufi zilizotobolewa: unaweka juu ya nguo, unapaka wino, jina linabaki. Leo akina mama kambini hufanya vivyo hivyo na bidoni ya maji kwenye foleni ya bomba, hutia jina kwa rangi au hufunga kipande cha kikwembe kwenye mkono wake.

Lakini vita ilipoendelea, alama ilibadilika maana. Askari waliona jinsi wenzao walivyozikwa bila jina, wakaanza kuandika kwa ajili ya yule atakayewakuta. Ndani ya Agano Jipya waliandika jina, kikosi, kijiji na jina la wa kuarifiwa. Wachuuzi wakaanza kuuza vibamba vya madini vya kuvaa, mfano wa sarafu, vyenye picha ya tai au ya kiongozi upande mmoja, na upande wa pili jina na kikosi cha mnunuzi. Asiyekuwa na pesa alitoboa sarafu yake na kuchonga jina.

Mwishoni mwa Novemba 1863, mahali paitwapo Mine Run katika jimbo la Virginia, askari wa Kaskazini walingoja amri ya kushambulia ngome imara. Wengi waliandika majina yao juu ya vipande vya karatasi na kuvibana kwenye nguo zao. Jenerali wao alitazama ngome ile na kuona haitavunjika, na shambulio likaachwa. Mwezi wa Juni 1864, huko Cold Harbor, shambulio halikuachwa. Afisa mmoja, Horace Porter, aliandika miaka mingi baadaye kwamba usiku wa kuamkia vita aliona askari kama wanashona makoti yao. Alipokaribia, akakuta wanabana mgongoni karatasi zenye jina na mahali wanapotoka. Asubuhi ya tarehe 3 Juni maelfu waliuawa au kujeruhiwa kwa muda mfupi.

Tuelewe vizuri kilichofanyika pale. Mtu anayebana karatasi mgongoni haandiki kwa ajili yake mwenyewe. Anamwandikia mtu asiyemjua, pengine adui, atakayemgeuza kesho, na anamwomba kitu kimoja: uwaambie nyumbani.

Na wale wasiojua kuandika? Walikuwapo wengi, hasa kati ya askari weusi, karibu 180,000, waliopigana upande wa Kaskazini. Sehemu kubwa walitoka utumwani, na katika majimbo mengi ya Kusini sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Kwa baadhi yao, daftari la jeshi ndilo lililokuwa karatasi ya kwanza kuandika jina na ukoo waliojichagulia wenyewe. Tunalitaja hili kwa sababu huku kwetu pia wapo wazazi wanaosema, "Sisi hatukusoma, tutatia alama gani?" Mshono wa mama juu ya kifuko unatambulikana na mama yule kuliko herufi yoyote.

Picha ya watoto watatu

Tueleze kisa kimoja kwa urefu, maana kinaonyesha kazi inayofanywa na kitu kidogo kikipata mikono mizuri.

Baada ya vita ya Gettysburg, Julai 1863, maiti ya askari wa Kaskazini ilikutwa peke yake mjini. Hakuwa na jina, hakuwa na barua. Alikuwa ameshika picha ya kioo ya watoto watatu wadogo. Picha ilifika mikononi mwa daktari mmoja wa Philadelphia, John Francis Bourns, naye akaamua kumtafuta mwenye watoto. Magazeti ya wakati ule hayakuweza kuchapa picha. Kwa hiyo tarehe 19 Oktoba 1863 gazeti la mji lilieleza picha ile kwa maneno tu: watoto wangapi, umri wao, nani ameketi katikati, nguo zao zina mistari gani. Magazeti mengine yakachukua habari hiyo.

Katika kijiji cha Portville, jimbo la New York, mama mmoja aitwaye Philinda Humiston alikuwa hajapata barua ya mumewe tangu vita ile. Alikuwa amemtumia picha ya watoto wao watatu. Alipopata maelezo ya gazeti, akaandika. Daktari akamtumia nakala, naye akawaona wanawe: Franklin, Alice na Frederick. Hivyo ndivyo sajenti Amos Humiston alivyopata jina lake, miezi minne baada ya kufa, na mkewe akajua kwamba ni mjane.

Kisa hiki kina sehemu ya pili ambayo watu hawapendi kuisimulia. Nakala za picha ile ziliuzwa kukusanya pesa, na mwaka 1866 nyumba ya mayatima wa askari ilifunguliwa Gettysburg. Miaka kumi baadaye msimamizi wake alihukumiwa kwa kuwatesa watoto, daktari akatuhumiwa kula pesa, na nyumba ikafungwa. Sisi tunaofanya kazi katika mashirika tusome sehemu hiyo mara mbili, kabla ya kumpiga mtoto wa mkimbizi picha kwa ajili ya wafadhili.

Kitu peke yake si ushahidi

Hapa tunaomba viongozi wasikilize vizuri. Jina juu ya kitu halisemi daima kwamba maiti ndiye mwenye jina. Katika vita ile askari wasio na viatu walivua viatu vya waliokufa, wakachukua makoti, blanketi na chupa za maji, za adui na za wenzao. Kikombe chenye herufi za mtu wa Kaskazini kiliweza kukutwa katika mfuko wa mtu wa Kusini. Aliyetoa jina kutokana na kitu kimoja tu aliweza kumzika mtu hai na kumpa mama mwingine tumaini la uongo.

Kilichosaidia zaidi ni kitu kuunganishwa na daftari. Tulinganishe makaburi mawili. Kwenye makaburi ya kitaifa ya Fredericksburg walizikwa askari zaidi ya 15,000 waliookotwa katika viwanja vya vita vya eneo hilo, na zaidi ya 12,000 kati yao hawana jina hadi leo. Huko Andersonville, kambi ya wafungwa katika jimbo la Georgia, walikufa karibu 13,000 kwa njaa na magonjwa, lakini wasio na jina ni kama 460 tu. Tofauti ilitokana na kijana mmoja mfungwa, Dorence Atwater, aliyewekwa na walinzi kuandika orodha ya wafu. Aliandika orodha yao, na kwa siri akanakili yake. Kila kaburi lilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na jina.

Katika kiangazi cha 1865 Atwater alirudi Andersonville pamoja na Clara Barton na wajumbe wa jeshi kuweka majina juu ya makaburi. Mama Barton alikuwa amefungua ofisi ya kuwatafuta askari waliopotea. Hadi ofisi ilipofungwa mwaka 1868 ilikuwa imepokea barua zaidi ya 63,000 na kupata habari za watu kama 22,000. Mwaka 1881 yeye ndiye aliyeanzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani.

Na wafu wa upande ulioshindwa? Serikali ilipokusanya mifupa ya askari wake, zaidi ya 303,000, katika makaburi ya kitaifa, wale wa Kusini waliachwa shambani. Wanawake wa Kusini waliunda vyama vyao, wakachanga pesa na kuwazika wenyewe, na uchungu ule ukakaa katika nyumba nyingi kwa vizazi. Sheria ya kuweka alama juu ya makaburi ya askari wa Kusini waliofia Kaskazini ilikuja mwaka 1906 tu, miaka 41 baada ya vita. Kwa maoni yetu, amani ile ilicheleweshwa na makaburi sawasawa na ilivyocheleweshwa na siasa.

Hata kurudisha vitu kulihitaji wakati. Mwaka 1887 rais Cleveland alikubali bendera za vikosi vya Kusini zilizotekwa zirudishwe. Wapiganaji wa zamani wa Kaskazini walikasirika sana, naye akafuta agizo. Zilirudishwa mwaka 1905, na safari hiyo hakuna aliyepiga kelele. Kiongozi anayetaka kupatanisha jamii mbili huku kwetu ajue kwamba kitu kilekile, kikirudishwa kabla ya watu kuwa tayari, kinaweza kuwasha moto.

Sheria inasema nini leo?

Vita ile ilizaa kanuni. Mnamo Aprili 1863 rais Lincoln aliidhinisha amri iitwayo Kanuni ya Lieber, ambayo kifungu chake cha 72 kinasema pesa, saa na mapambo ya mfungwa ni mali yake, na kumnyang'anya ni aibu na ni marufuku. Mwaka 1906 jeshi la Marekani liliagiza kila askari avae bamba, na mwaka 1916 yakawa mawili: moja hubaki na maiti, lingine huenda kwa mwandishi wa daftari. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, kwa vita kati ya nchi na nchi, unaagiza vilevile, na unataka vitu vya marehemu vyenye thamani, hata thamani ya moyo tu, vifungwe na kupelekwa kwa familia.

Kwa vita vya ndani ya nchi kuna Protokali ya Pili ya mwaka 1977, ambayo Kongo iliikubali Desemba 2002. Kifungu chake cha 8 kinadai wafu watafutwe, wasivuliwe vitu vyao, na wazikwe kwa heshima. Hakichagui kundi. Kinamhusu askari wa serikali, Mai-Mai na mwingine yeyote.

Tufanye nini katika vijiji vyetu?

Mpiganaji wa huku kwetu mara nyingi hana bamba. Ana kadi ya mpiga kura, simu na laini yake, rozari, kadi ya shule iliyokunjwa, pete, begi lililoshonwa nyumbani. Hivi ndivyo karatasi yake ya mgongoni. Tunajua pia vinapokwenda: simu inauzwa, buti zinavaliwa, kadi inatupwa kwenye majani kwa sababu anayeiokota anaogopa kuulizwa ameitoa wapi.

Hofu hiyo ina sababu. Mtu anayekutwa na kitu cha mpiganaji anaweza kuitwa mshirika wake. Ndiyo maana raia asibaki na kitu kama hicho peke yake nyumbani. Apeleke habari kwa chifu mbele ya mashahidi, au kwa wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu, na iandikwe: kimeokotwa wapi, siku gani, nani alikuwepo. Mahali palipopiganiwa msiguse chochote kabla ya kujua kama pana mabomu au risasi ambazo hazijalipuka. Bunduki, guruneti na risasi si vitu vya kumbukumbu. Viacheni palipo na mwite wenye kazi hiyo.

Ikibidi kuzika, kaburi lipewe namba, na vitu vya marehemu viwekwe katika mfuko mmoja wenye namba hiyohiyo. Andikeni nguo zake, makovu, meno, kila alama. Msifukue makaburi ya zamani wenyewe, hata kwa nia njema, kwa sababu mifupa ikichanganyika na vitu vikihamishwa hata mtaalamu hatasaidia. Na jambo moja linatukera: picha ya maiti inayozungushwa kwenye simu, ya watu wakicheka au kutukana kabila lake. Mama yake anaweza kuipokea kabla hamjajua jina lake.

Familia zinazotafuta mtu zinaweza kufungua ombi kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu au kwa Msalaba Mwekundu wa Kongo. Huduma hii hailipiwi, na anayewaomba pesa kwa ajili hiyo ni mwizi. Hawaulizi alipigana upande gani ili kumhukumu. Mkienda, beba jina lake kamili na jina la utani, majina ya baba na mama, kijiji na lokalite, mwaka wa kuzaliwa, mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho. Kisha elezeni vitu vyake bila kuona haya kwamba ni vidogo: rangi ya uzi ulioshonea begi, jino lililovunjika kwenye kitana, herufi alizochoma kwa msumari wa moto juu ya sahani, kipande cha kikwembe cha dada yake alichofunga mkononi siku aliyoondoka.